NYAMBIZI ZA UFARANSA NA JANGWA LA AFRIKA

Mkaaji wa Dodoma, aliye mbali na pwani, aweza kuuliza nyambizi za Ufaransa zamhusu nini. Zamhusu. Tarehe 13 Februari 1960 Wafaransa waliripua bomu lao la kwanza la atomiki huko Reggane, katika jangwa la Sahara. Hadi 1966 walikwisha kuripua mabomu 17 nchini Algeria, ingawa nchi hiyo ilikuwa imejitawala tangu 1962! Kisha wakahamia visiwa vya Pasifiki, wasiache mpaka 1996.

Elimu iliyoanzia mchangani ndiyo iliyopelekwa baharini. Mwaka 1967, mbele ya Jenerali de Gaulle, nyambizi Le Redoutable ilishushwa majini Cherbourg. Ikaanza kazi 1971, ikibeba makombora 16. Leo wanazo nne, na tangu 1972 daima moja huwa imejificha baharini. Wenyewe waita ulinzi wa taifa. Mbona basi bomu halikujaribiwa Ufaransa kwenyewe?

Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika 2009, wakataza silaha hizo barani Afrika. Haukatazi kuuza urani kwa kazi za amani. Nayo urani imepata kutafutwa hapa kwetu, Bahi na Manyoni. Ikichimbwa, wakulima wa mpunga wa Bahi wana haki ya kuambiwa mapema: mnunuzi ni nani, na ataifanyia nini?