TUPIME UPEPO KABLA YA KUNUNUA TABO



Lori letu likipanda mlima na mzigo linatoa moshi mweusi, nguvu hamna. Sasa yapo maneno kwamba tabo imekufa, tuchange tununue nyingine. Sisi tunasema: ngojeni kwanza!

Kazi ya tabo ni kusukuma upepo ndani ya injini. Mpira ukipasuka au klipu ikilegea, upepo unaishia njiani, dizeli haiungui yote, ndiyo moshi huo. Tukifunga tabo mpya, upepo utavuja vile vile.

Kupima si kazi kubwa. Injini izimwe, ipoe. Fundi atoe bomba la filta, azibe mdomo wa tabo kwa kifuniko chenye valvu ya tairi, aingize upepo pole pole. Paundi 15 zatosha. Apake maji ya sabuni kwenye maungio yote. Penye povu ndipo panapovuja, kama pancha ya baiskeli. Asisimame mbele ya kifuniko, chaweza kuruka.

Pasipovuja, hapo tuizungumze tabo.

Fedha ya ushirika ni jasho la mkulima. Kamati isitie sahihi mpaka fundi apime mbele ya wanachama. Sabuni kwanza, tabo baadaye!