Kuwaenzi Waliotutangulia: Je, Mtoto Aigaye Ameiba?

Miongoni mwa mambo yanayowatatiza walimu wanaoanza kazi ni namna ya kuupokea utungo wa mtoto ambao ndani yake mna sauti ya mtu mwingine. Mtoto ameambiwa atunge; ameleta utungo; mwalimu anausoma na ghafla anakutana na mshororo anaoufahamu tangu utotoni. Afanye nini? Ampe alama? Amwadhibu? Twaona kuwa swali hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua kama watoto wetu watayahesabu maandishi ya wazee kuwa ni mali yao, au ni mali ya kabatini tu.

Yatupasa tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Zamani, tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, mtoto mmoja wa darasa la tano alituletea shairi la beti nne juu ya mvua. Kibwagizo hakikuwa chake; kilikuwa cha malenga mmoja mashuhuri. Tulishika kalamu ya wino mwekundu, tukakipigia mstari, tukaandika pembeni neno moja: "Umeiba." Kwa muda wote uliosalia wa mazoezi yale, mtoto yule aliandika insha fupi fupi zisizo na kosa wala uhai, na shairi hakuleta tena. Baadaye ndipo tulipopata habari kwamba kibwagizo kile alikisikia kwa babu yake, aliyezoea kukighani jioni. Mtoto alikuwa amemkaribisha babu yake katika daftari lake, nasi tukamfukuza mlangoni.

Laiti tungaliukumbuka ushairi wetu wenyewe, tusingaliandika neno lile. Washairi wa Kiswahili wana desturi ya kale iitwayo takhmisi. Jina hili latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya tano, na leo wengi hulitumia kwa shairi lolote la mishororo mitano. Lakini katika asili yake takhmisi ni kazi ya watu wawili. Mshairi wa baadaye huchukua utungo wa yule aliyemtangulia, wenye vipande viwili viwili, na katika kila ubeti akaongeza vipande vitatu vyake. Kwa kawaida vipande hivi vipya hutangulia, navyo hufuata kina cha kipande cha kwanza cha mtunzi wa kale. Kisha maneno ya yule wa kale huja mwisho na kuufunga ubeti. Mwanachuo aangalie vizuri mpango huu. Mgeni husema kwanza na kwa urefu zaidi, lakini neno la mwisho humwachia mwenyeji.

Mfano mashuhuri ni Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Nasir, ambaye ndiye pia mtunzi wa Al-Inkishafi. Mshairi huyu hakuwa mtu wa kukosa maneno yake mwenyewe. Hata hivyo hakuona aibu kukaa chini ya maneno yanayosemwa kuwa ya Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa pwani ya kaskazini, na kuyajengea ukumbi. Wala habari za Liyongo hazikuishia hapo. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyekuwa pia mwandishi wa hati na mchonga mbao, alitunga utenzi juu ya maisha na kifo cha shujaa huyo. Hivyo sauti moja ya kale imetutufikia kwa mikono ya watu waliokubali kuitumikia.

Zipo njia nyingine za kumheshimu mtangulizi bila kuyachukua maneno yake. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi wa kumwusia binti yake. Karibu miaka mia baadaye Shaaban Robert naye aliandika Utenzi wa Hati, ambamo baba anamwusia binti yake. Asomaye tenzi hizi mbili huona undugu wake mara moja: umbo ni lile lile la mzazi asemaye na mtoto. Lakini nyakati zimebadilika, na mzazi mwingine ana mambo mengine ya kusema. Mwandishi huyo huyo alitumia pia kalamu yake kuandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo. Shaaban Robert aliona inafaa sanaa ya sauti iwekewe kumbukumbu kwa sanaa ya maandishi.

Katika uchoraji tunaye Edward Said Tingatinga. Alianza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za mafuta zinazong'aa juu ya mbao bapa, na mwaka 1972 akafariki. Muda wa miaka minne tu! Lakini jamaa na wanafunzi wake waliendelea na mtindo wake, hata jina la mtu mmoja likawa jina la sanaa nzima. Hapa lakini pana onyo kwetu. Wako waliochukua mtindo ule wakauongeza, wakachora maisha ya mjini na kijijini. Na wako waliorudia mnyama yule yule kwa rangi zile zile, picha baada ya picha, kwa kuwa mnunuzi ameizoea. Hao wa pili hatuwalaumu kwa kutafuta riziki. Hata hivyo, mwalimu hana budi kujua tofauti ya kumfuata mtu na kusimama katika nyayo zake bila kupiga hatua.

Kwa maoni yetu, basi, utungo wa mtoto upimwe kwa mambo mawili. La kwanza, je, amemtaja aliyemtangulia? Mtoto afundishwe tangu mapema kuandika chini ya shairi lake: "Kibwagizo ni cha fulani," au kama hajui jina, "Nilikisikia kwa babu." Hilo ndilo linalotenga heshima na wizi, na si jambo gumu hata kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. La pili, je, ameongeza kitu? Akiyaandika upya maneno ya mwingine yote, amenakili, na kunakili ni zoezi jema la mwandiko, bali si utungaji.

Tunapendekeza somo moja ambalo mwanachuo anaweza kulijaribu katika mazoezi yake bila zana yoyote ila ubao na chaki. Achague methali yenye vipande viwili, kwa kuwa methali ni kazi ya watangulizi ambao majina yao yamepotea. Tuseme achague "Haba na haba, hujaza kibaba." Aiandike chini kabisa ya ubao, aache nafasi juu yake, kisha awaulize watoto: ni nani aliyesema maneno haya, naye alikuwa akimwambia nani? Majibu yao ndiyo yatakayozaa vipande vitatu vya juu. Huu ni mfano tulioutunga wenyewe:

Alisema baba:
punje hata saba
zitie mkoba;
haba na haba
hujaza kibaba.

Sasa wahesabu mizani. Mtoto mwangalifu ataona kwamba kila kipande kina mizani sita isipokuwa "haba na haba," chenye mizani tano. Pengine atataka kukirekebisha. Hapo ndipo penye kiini cha somo. Mwalimu asimkemee, wala asimruhusu kukigusa. Amweleze kwamba vipande vitatu vya juu ni vyetu, twaweza kuvifuta na kuviandika mara kumi. Lakini viwili vya chini tumeviazima, na cha kuazima hurudishwa kama kilivyokuwa. Ikiwa mtoto hakubaliani na methali yenyewe, na aseme hivyo katika vipande vyake. Kumheshimu mtangulizi si lazima kukubaliana naye. Ni kumwacha aseme alilosema, kisha ujibu kwa kinywa chako.

Wako watakaosema kwamba njia hii itawazoeza watoto kutegemea wengine, na kwamba afadhali kila mtoto atoe yaliyo moyoni mwake. Twawauliza: moyo wa mtoto umepata wapi maneno? Hakuna aliyezaliwa na vina. Wako na wengine, wa upande wa pili, watakaosema kwamba kazi za wazee ni za kukaririwa tu, na kwamba kumpa mtoto chaki aandike juu ya maneno yao ni utovu wa adabu. Kwa hao tunalo jibu moja. Mtunzi wa Takhmisi ya Liyongo hakumheshimu Liyongo kwa kukaa kimya.

Nasi tuna deni lisilolipika. Daftari lile la mvua hatulioni tena, wala hatuwezi kulifuta neno letu. Lakini ndugu mwanachuo, wewe kalamu yako nyekundu bado hujaifungua. Siku mtoto atakapokuletea ubeti wenye sauti unayoitambua, ipumzishe kwanza kalamu hiyo, umwite, umwulize kwa upole: "Haya umeyasikia kwa nani?" Kisha usikilize. Huenda ukajibiwa kwa jina ambalo halijapata kuandikwa katika kitabu chochote. Hilo nalo mwambie aliandike chini ya shairi lake.