Spika na Amplifaya: Neno "Kulinganisha" Linatupotosha

Nyuma ya amplifaya nyingi za nyumbani huandikwa tarakimu kama "omu 8" au "omu 4 hadi 16". Spika nazo huwa na tarakimu zake. Kutokana na maandishi hayo umezuka usemi, ulioenea miongoni mwa mafundi, wanafunzi na hata baadhi ya walimu, kwamba omu za amplifaya na omu za spika sharti zilingane. Makala haya yanadai kwamba, kwa amplifaya za transista, usemi huo si sahihi, na kwamba darasa la fizikia ndilo linalopaswa kuurekebisha.

Kwanza yafaa tujue kinachopimwa. Impidansi ni kipingamizi chote ambacho kifaa hukiweka mbele ya mkondo geu. Katika spika hutokana na ukinzani wa waya, na koili yenyewe, na mwendo wa koni ndani ya uga wa sumaku. Ndiyo sababu spika ya omu 8, ikipimwa kwa multimita inayotumia mkondo wa betri, huonyesha kiasi cha omu 6 tu, ingawa ni nzima kabisa. Na pale koni inapotetemeka kwa mwendo wake wa asili, impidansi ya spika hiyohiyo yaweza kupita omu 20. Basi 8 ni kadirio tu. Kitu kinachobadilika kwa kila noti ya muziki kitalinganaje na kingine daima?

Kosa hili lina asili yake. Wanafunzi hufundishwa kanuni ya Jacobi, ya karne ya 19, kwamba chanzo cha umeme hutoa nguvu kubwa kabisa pale ukinzani wa mzigo unapokuwa sawa na ukinzani wa ndani wa chanzo hicho. Kanuni hiyo ni ya kweli, lakini hujibu swali moja tu: ikiwa ukinzani wa ndani hauwezi kubadilishwa, mzigo uwe kiasi gani? Hata hapo, nusu ya nguvu hupotea ndani ya chanzo kama joto. Kwa kuielewa vibaya, wapo waliodhani kwamba dainamo haiwezi kamwe kutoa zaidi ya nusu ya nguvu zake. Mwaka 1879 Edison na msaidizi wake Francis Upton walijenga dainamo yenye ukinzani wa ndani mdogo sana kuliko wa taa zake, na sehemu kubwa ya nguvu ikafika kwenye taa.

Amplifaya ya transista imefuata njia hiyohiyo. Impidansi yake ya ndani kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya omu moja. Haitafuti spika iliyo sawa nayo. Hutoa volteji, na spika ndiyo huamua ni mkondo kiasi gani upite. Kwa hiyo tarakimu iliyo nyuma yake ni mpaka: usishuke chini ya hapa.

Tuchukue amplifaya inayotoa volti 16, yenye mpaka wa omu 4. Spika moja ya omu 8 hupitisha ampea 2, na nguvu ni wati 32. Spika mbili za namna hiyo zikiunganishwa sambamba huwa omu 4. Mkondo ni ampea 4, na nguvu wati 64. Zikiwa nne sambamba, omu ni 2, na amplifaya hudaiwa ampea 8. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anayeongeza spika husikia sauti tu, lakini transista husikia joto, mpaka fyuzi ikatike au zenyewe ziungue. Spika hizo nne zingaliweza kuunganishwa mbili mbili kwa mfuatano, kisha jozi hizo zikawekwa sambamba. Jumla yake ingalirudi kuwa omu 8, bila hatari yoyote.

Ni kweli kwamba katika amplifaya za vali neno "kulinganisha" lilikuwa na mahali pake. Vali huhitaji mzigo wa maelfu ya omu. Transfoma yenye uwiano wa mizunguko 25 kwa 1 huifanya spika ya omu 8 ionekane kwa vali kama omu 5000, kwa kuwa mraba wa 25 ni 625, na 625 mara 8 ni 5000. Ufundi ulibadilika, usemi ukabaki.

Huenda mwalimu akasema kwamba impidansi ni somo la madarasa ya juu. Lakini hesabu zote za spika nne hapo juu hazikuhitaji zaidi ya Kanuni ya Ohm, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huikariri. Spika nne kuukuu na multimita moja zatosha kwa kipindi kizima: wanafunzi wachore miunganisho, wakokotoe omu, wapime, ndipo waseme ni muunganisho upi unaofaa kuwekwa kwenye amplifaya. Shule nyingi zina amplifaya moja tu. Ikiungua siku ya mahafali mikononi mwa vijana waliofaulu mtihani wa Kanuni ya Ohm, hapana budi tukiri kwamba kanuni hiyo walifundishwa kuiandika, hawakufundishwa kuitumia.