Mwenye Kampuni Ashike Funguo za Tovuti Yake

Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, lilifikisha intaneti ya kasi kambi ya Horombo kwenye Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Tulifurahi, na bado tunafurahi. Lakini biashara ya mlima haianzii Horombo, wala haianzii lango la Marangu. Inaanza miezi kadhaa kabla, pale mtu aliyeko Munich au Toronto anapoandika kwenye simu yake kwamba anataka kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, kisha anasoma majina machache ya juu na kuacha mengine yote. Kampuni za Moshi zinalijua hilo, na zinatumia fedha ili ziwe kati ya majina hayo. Tunachosema leo ni kwamba fedha hiyo inamwagwa bure kama tovuti yenyewe haina mwenyewe.

Swali letu kwa kila mwenye kampuni ya utalii hapa mjini, na kwa kila kikundi kinachouza kahawa au kupokea wageni kule Materuni na Marangu, ni fupi. Jina la tovuti yako limesajiliwa kwa jina la nani, na nywila iko kwa nani? Kama jibu ni "kwa yule kijana aliyenitengenezea", basi tovuti hiyo si yako. Kijana anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Lakini anahama, anabadilisha namba, anapata kazi Dar es Salaam, na taarifa ya kulipia jina kwa mwaka mwingine inakwenda kwenye barua pepe ambayo hakuna anayeifungua tena. Muda unapita, jina linarudi sokoni, na wapo watu duniani ambao kazi yao ni kuvizia majina ya aina hiyo. Wanalinunua kwa sababu lina sifa: wageni wa zamani wamelitaja, tovuti za wasafiri zimeliunganisha na kurasa zao. Baada ya wiki chache anayelifungua anakuta kamari. Machi 2024 Google ilitangaza kanuni dhidi ya mchezo huo, na jina linalotumika hivyo huweza kushushwa au kuondolewa kabisa kwenye matokeo. Hata ukifanikiwa kulinunua tena, unalipokea likiwa limechafuka.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana kirahisi. Tovuti nyingi za biashara ndogo zimejengwa kwa WordPress. Ni programu nzuri na ya bure, ila hutegemea vipande vya nyongeza vilivyoandikwa na watu mbalimbali: kimoja cha fomu ya kuweka nafasi, kingine cha picha, kingine cha kalenda. Kipande kikigundulika kina tundu, aliyekiandika hutoa toleo jipya. Asiyesasisha anabaki na tundu ambalo sasa limetangazwa dunia nzima, na roboti za wadukuzi zinalitafuta usiku na mchana, bila kujali kampuni ni kubwa au ina gari moja tu. Vibaya zaidi ni vile vipande vya kulipia vinavyogawiwa bure kwa njia za panya. Mara nyingi aliyevigawa ameshaacha humo mlango wake wa kuingilia.

Mdukuzi wa aina hii habomoi kitu. Anaongeza kurasa mamia au maelfu za viatu bandia kwa Kijapani, za dawa za nguvu za kiume au za kamari, na anazionyesha kwa roboti ya Google peke yake. Mwenye kampuni akifungua tovuti yake anaiona picha ya kilele cha Kibo, anaziona bei zake, anaona kila kitu kiko mahali pake. Anachokihisi ni kwamba barua za wageni zimepungua, na anadhani ni msimu. Kumbe Google imeshaweka onyo chini ya jina lake, au imemshusha hadi ukurasa ambao hakuna anayeufikia. Kipimo ni cha dakika moja. Nenda Google, andika site: na jina la tovuti yako bila kuacha nafasi katikati, kisha tazama kurasa zinazoorodheshwa. Ukikuta usizozijua, umeshaingiliwa.

Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaouza usalama kama huduma moja na kupanda kwenye Google kama huduma nyingine. Ni kazi moja. Tangu Agosti 2014 Google imesema wazi kwamba tovuti inayotumia njia salama, ile inayoanza na https, inapata alama kidogo katika kupangwa. Tangu Julai 2018 Chrome inamwonya mgeni kwamba tovuti isiyo na njia hiyo si salama. Hati ya kuwezesha jambo hili inatolewa bure na Let's Encrypt. Hakuna sababu yoyote ya kampuni inayomwomba mgeni alipe dola elfu mbili kuendelea kuonekana na onyo hilo.

Na wanaoahidi nafasi ya kwanza kwa malipo ya kila mwezi, tuwaambie wasomaji wetu bila kuzunguka: Google yenyewe inasema hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi hiyo. Wengi wa wanaoahidi hununua viungo kutoka tovuti zisizohusiana na utalii, jambo ambalo Google inalikataza, au wanakutungia kurasa mia moja zinazorudia maneno yaleyale. Tazama jinsi kampuni nyingi zinavyoieleza njia ya Machame: siku ya kwanza kutoka langoni hadi kambi ya Machame, siku ya pili Shira, sentensi zinafanana kana kwamba zimeandikwa na mtu mmoja. Google ikikutana na maandishi yaleyale mara hamsini haina sababu ya kuonyesha yako.

Hali hii inatuuma, kwa sababu Moshi ndiyo yenye watu wanaoujua mlima. Mwongoza watalii aliyepanda tangu ujana wake anajua kwamba kambi ya Barafu haina maji, kwamba mahali pa mwisho pa kuyachota ni bonde la Karanga, na kwamba kila kikombe cha chai anachokunywa mgeni kabla ya kuianza safari ya kileleni usiku kilipandishwa na mpagazi. Ukurasa mmoja ulioandikwa na mtu huyo, kwa picha zake mwenyewe zilizopunguzwa ukubwa ili zifunguke upesi kwenye simu, una thamani kuliko viungo vyote vya kununua. Kampuni iwalipe waongozaji wake waandike. Hiyo ni kazi halali ya msimu wa mvua.

Tusiisahau barua pepe, maana huko ndiko fedha inakopotelea moja kwa moja. Anayeingia kwenye barua pepe ya kampuni hujificha, husoma mazungumzo, husubiri siku ya ankara ya kianzio. Kisha anatuma ankara yenye nembo yako, jina lako na lugha yako, ila namba ya akaunti ya benki ni yake. Wakati mwingine anatumia anwani inayotofautiana na yako kwa herufi moja tu, L imekuwa 1. Mgeni analipa kwa nia njema, anatua uwanja wa ndege wa KIA na risiti mkononi, na kampuni haijaona hata senti. Uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe ungezuia sehemu kubwa ya uingiaji huo, nao haugharimu kitu. Na kila mgeni aambiwe mapema kwamba akaunti ya kampuni haibadilishwi kwa barua pepe. Akiambiwa imebadilika, apige simu kwanza.

Halafu kuna mambo ya mgeni mwenyewe. Kampuni ya mlima inajua namba ya pasipoti yake, umri wake, kama ana pumu, kama ana presha, anatumia dawa gani. Habari za afya sheria inazihesabu kuwa nyeti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Anayekusanya taarifa hizo anatakiwa ajisajili kwenye Tume na azilinde. Fomu za afya zilizolundikwa kwenye seva ambayo nywila yake haijabadilishwa tangu tovuti ijengwe ni kosa la mwenye kampuni, si la fundi.

Mkoa huu una historia ya kukataa dalali. Wakulima wa kahawa wa mlimani walianzisha chama chao cha KNPA mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU, ili mazao yao yauzwe na wao wenyewe. Tovuti ya kampuni ndogo ya Moshi inafanya kazi hiyohiyo leo. Inamwezesha mgeni kulipa hapa, badala ya kulipia kwa wakala wa ng'ambo anayekata fungu lake kwanza na kuleta masalia. Tovuti hiyo ikifa, kampuni inarudi kwa wakala, bei inabanwa, na wa kwanza kuubeba mzigo wa bei iliyobanwa ni mpagazi. Mgeni mmoja wa siku saba hupandisha wapagazi watatu au zaidi, mpishi na mwongozaji. Wagumu hawa hawajui lolote kuhusu nywila, lakini mishahara yao inapita humo.

Kwa hiyo vyama vya kampuni za utalii, TATO na KIATO, vilifanye suala hili kuwa lao, maana kampuni ya watu wanne haiwezi kuajiri mtaalamu wa kudumu, ila kampuni ishirini zinaweza kumlipa mmoja. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina wanafunzi wa TEHAMA wanaohitaji mafunzo kwa vitendo; wapelekwe kwenye ofisi hizi kwa mkataba, na nywila zibaki kwa mwenye ofisi. Wizara ya Maliasili na Utalii, inapohuisha leseni, iulize jina la tovuti na limesajiliwa kwa nani.

Masika ndiyo nafasi. Aprili na Mei mlima una wageni wachache na mafundi wana muda. Mwenye kampuni adai jina lihamishiwe kwenye kampuni, kwa barua pepe ya kampuni, na lilipiwe kwa miaka kadhaa mbele. Abadilishe nywila zote, aondoe vipande visivyotumika, asasishe vilivyobaki, na aweke nakala ya tovuti nzima mahali pengine nje ya seva hiyo. Yote hayo yawe yamekwisha kabla wageni wa Juni hawajaanza kuwasili.