MAONGEZI YA JUMA: Siagi ya Nyanya, Kamenu

Juma lililopita aliingia ofisini petu, mjini Thika, mzee mmoja aliyekuwa na shida ya karatasi zake za shamba. Mkononi alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na kibuyu kilichozibwa kwa gunzi la mahindi. Nilipomuuliza kina nini, alijibu kwamba ni mtindi wa kunywa njiani, maana kutoka kwake mpaka mjini ni mbali na chai ya hotelini siku hizi ni maji matupu. Akakifungua ili nijionee. Harufu iliyotoka humo ilinifanya nisahau karatasi zake kwa muda wa dakika nzima, naye akadhani kwamba nimechukizwa. La, sikuchukizwa. Nilikuwa nimerudi Kamenu, katika jiko la nyanya yangu, nikiwa na umri wa miaka tisa.

Mwenye kuifahamu Kamenu ya leo hataamini nikimwambia kwamba nilikulia huko miongoni mwa ng'ombe. Leo ni kata ya mji wa Thika, nyumba za kupanga zimesimama bega kwa bega, na tangu barabara kuu ya Nairobi ilipokamilika mwaka 2012 hapana kipande cha ardhi kinachoachwa kiote majani. Lakini katika miaka ya tisini nyanya alikuwa na shamba dogo lenye mahindi, migomba michache, mistari ya majani ya napia, na ng'ombe mmoja wa gredi mwenye madoa meusi na meupe. Tulimwita Malkia. Alikuwa mkali kwa wageni, na kwa nyanya alikuwa mpole kama mtoto mchanga.

Siku hizo Malkia alikuwa akitoa lita kumi kwa siku, sita asubuhi na nne jioni. Ya asubuhi yalichukuliwa na gari la maziwa. Ya jioni hayakuwa na mnunuzi, kwani hatukuwa na umeme wala friji, na maziwa yaliyolala katika joto la Thika hukutwa yamechacha. Basi ya jioni yalikuwa yetu sisi na ndama, na yaliyosalia yaligeuzwa siagi.

Sasa nieleze jinsi kazi hiyo ilivyofanywa, maana nimegundua kwamba vijana wengi wanaoajiriwa ofisini petu hudhani siagi hutoka kiwandani tu, kama sabuni. Nyanya kwanza aliyachemsha maziwa yote. Majirani walimcheka wakisema kwamba anaua utamu, lakini yeye hakujali, na leo najua alikuwa na haki: maziwa mabichi yanaweza kumletea mtu brusela na hata kifua kikuu. Yakisha kuchemka aliyamimina katika sufuria pana, akayafunika kwa kitambaa, akayaacha chini sakafuni, mahali penye baridi kuliko pengine pote nyumbani. Alfajiri utando mzito wa malai ulikuwa umejitandaza juu. Aliuengua kwa kijiko, akauweka katika chungu kidogo pamoja na mtindi kidogo wa siku zilizopita ili uchachuke vizuri. Kila siku aliongeza utando mpya juu ya ule wa jana, na siku ya tatu tulisuka.

Kusuka hakukufanywa mchana. Thika si Limuru. Ni nchi ya joto, na malai yakipata joto siagi hutoka laini kama uji, haishikani. Tuliamshwa kabla ya jogoo kuwika mara ya pili. Malai yalitiwa katika kibuyu, nacho hakikujazwa kupita nusu, kwa sababu malai yasipopata nafasi ya kujirusha hayafanyi kitu. Kisha mtu alikaa chini, akakipakata, akakisukasuka mbele na nyuma. Mwanzoni husikia chwa, chwa, chwa, kama maji. Baada ya muda sauti hufifia, kibuyu hukuwa kizito, ukadhani hamna kitu ndani kinachosogea. Hapo ndipo watoto wengi hukata tamaa. Nyanya alikuwa akisema, "Endelea, sasa inafikiri." Halafu ghafula husikia kishindo: pwata! Tena pwata! Siagi imejitenga na mtindi.

Sababu yake nilikuja kufundishwa na mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari ya misheni. Mafuta yamo ndani ya maziwa kama vitone vidogo mno, kila kimoja kimevaa ngozi yake nyembamba. Kwa kugongana katika kibuyu ngozi hizo hupasuka, na vitone hushikamana vikawa donge. Mwalimu alipomaliza kueleza niliinua mkono nikasema kwamba nyanya yangu huita hali ile kufikiri. Darasa lote lilicheka, hata mwalimu.

Donge likitolewa huoshwa kwa maji baridi, likakandwa kwa kijiko cha mti, maji yakamwagwa, yakatiwa mengine, hata maji yatoke safi kama yalivyoingia. Hili ndilo jambo ambalo wavivu hulipuuza. Mtindi ukibaki ndani, siagi haimalizi juma kabla ya kunuka. Kisha hutiwa chumvi kidogo. Kupata kilo moja kwa ng'ombe kama Malkia hutaka lita ishirini na zaidi za maziwa. Kwa ng'ombe wa Jersey, ambaye maziwa yake yana mafuta mengi, hupungua kidogo.

Wasidhani wasomaji wa makabila mengine kwamba najivunia jambo la Kamenu peke yake. Wakalenjini wana mursik yao, ambayo vibuyu vyake husuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu. Wamasai nao husafisha vibuyu vyao kwa vijinga vya moto. Na kule Ankole, nchini Uganda, samli huchanganywa na maji na chumvi ya mwamba, ikapigwa mpaka ikawa nyeupe, ikaitwa eshabwe, chakula cha heshima arusini. Wapwani, mnajua wenyewe, hawawezi kupika biriani ya maana pasipo samli. Ila mtu akiniuliza ni ipi siagi bora, nitasema ile iliyopakwa juu ya kiazi kitamu chenye moshi jikoni mwa nyanya yangu, na sitaki ubishi.

Ajabu ni kwamba sisi watoto tuliionea haya. Jirani zetu walinunua Blue Band dukani, nasi tuliamini kwamba ile ndiyo siagi ya wastaarabu. Hatukujua kwamba hiyo ni majarini, jamii ya vitu vilivyobuniwa huko Ufaransa mwaka 1869 na Hippolyte Mège-Mouriès ili watu wasiomudu siagi wapate cha kupaka mkate. Yaani mwenye siagi ya kweli alimwonea wivu mwenye badala yake! Wala wazee wetu hawakuipata nafasi ile bure. KCC ilianzishwa mwaka 1925 na walowezi, na kwa miaka mingi siagi ya viwandani ilikuwa mali yao. Ni baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndipo Waafrika wengi walipoanza kufuga ng'ombe wa gredi katika mashamba yao wenyewe. Mama yake Malkia, na nyanya wa Malkia, walitokana na mabadiliko hayo.

Sasa nifike katika jambo ambalo mtindi wa mzee yule uliliamsha.

Mwishoni mwa mwaka 1997 zilinyesha zile mvua za El Nino. Wasomaji waliokuwa wamekwisha kupata akili wakati huo watazikumbuka. Njia yetu iligeuka tope, gari la maziwa likashindwa kupita kwa siku nyingi, na maziwa ya asubuhi nayo yakabaki nyumbani. Nyanya hakulia. Alivaa gamboti, akatembea mpaka mjini, akarudi na habari kwamba mwokaji mmoja wa keki anataka kilo nne za siagi kabla ya Krismasi.

Fedha hizo zilikuwa na kazi yake. Dada yangu alikuwa amekwisha kufanya mtihani wa darasa la nane mwezi wa Novemba, na nyanya alikuwa na hakika kwamba ataitwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni. (Kwa kweli ni binti wa shangazi yangu, lakini kwetu hatukuwa na desturi ya kuhesabu mambo hayo, mliyelala naye kitanda kimoja ni ndugu yako.) Kilo nne zingetosha viatu, blanketi na sanduku la bati lenye kufuli. Dada alikabidhiwa kazi yote ya malai, kuengua, kutunza chungu na kusuka. Mimi nilikabidhiwa kukata majani.

Wasomaji, mimi niliyala malai yale. Sikuyala siku moja tu. Kila jioni, dada akienda kuteka maji, niliingia jikoni, nikatumbukiza vidole chunguni, nikalamba. Baada ya siku chache nikafanya ubaya zaidi: nikayatia katika kikombe nikawapelekea vijana wa jirani, nao wakanipa gololi. Nilijiona tajiri. Kila nilipotoka nilikuwa nikijiambia kwamba chungu ni kikubwa na kwamba kesho Malkia atakamuliwa tena.

Siku ya kupima ilipofika, siagi ilikuwa kilo tatu na nusu. Nyanya aliipima mara tatu kwa mizani aliyoazima dukani. Kisha akamwita dada akamwuliza kama alikuwa akisuka huku anasinzia. Dada alinyamaza. Nyanya alichukua fimbo ya Malkia, akamchapa miguuni. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni, gololi zikilia mfukoni mwangu. Nyanya hakunitazama hata kidogo. Kwa mila yetu mimi ndimi niliyepewa jina la marehemu babu, naye alikuwa akiniita mume wake. Kunishuku mimi kungekuwa kama kumshuku babu kaburini.

Mwokaji alilipa kwa alichopewa. Viatu vilinunuliwa, na blanketi. Sanduku halikununuliwa. Dada alikwenda shuleni mwanzoni mwa mwaka 1998 na vitu vyake katika gunia la sukari lililofuliwa na kushonwa zipu. Kabla ya muhula wa kwanza kwisha alikuwa amekwisha kuibiwa sabuni, sukari, na sweta moja, kwa kuwa gunia halifungwi kwa kufuli. Aliyaeleza hayo alipokuja likizo, akicheka, sote tukiwa tumekaa mekoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikaomba niongezewe chai.

Nyanya alifariki mwaka 2009 bila kuusikia ukweli huo kinywani mwangu. Malkia alikuwa ameuzwa zamani.

Mzee wa mtindi alipoondoka na karatasi zake (nilimhudumia kwa haraka isiyo ya kawaida ofisini petu), niliazimia kusuka siagi. Nilinunua pakiti nne za maziwa dukani, nikayachemsha, nikayaacha usiku kucha. Asubuhi sikukuta malai ya kuengua. Mke wangu alinikumbusha nilichofundishwa na kukisahau: maziwa mengi ya viwandani husukumwa kwa nguvu katika matundu membamba sana, vitone vya mafuta vikavunjwavunjwa, wala haviwezi tena kupanda juu. Ikanibidi niende ng'ambo ya mji kwa mama mmoja ambaye bado ana ng'ombe wawili, nikanunua lita sita kwa siku, kwa siku tatu. Kibuyu sikukipata, nilitumia chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Binti yangu mdogo alisuka mpaka sauti ikafifia, akaniambia imeharibika. Nikamwambia inafikiri.

Jumapili niliifunga siagi ile katika jani la mgomba, nikampelekea dada. Yeye sasa ni mwalimu, anakaa Ruiru, ana watoto watatu. Tulipokwisha kula nilimweleza yote, malai, gololi, kila kitu, nikiwa nimeinamisha macho kama mtu aliye mbele ya hakimu.

Alinisikiliza hata mwisho. Kisha akasema, "Mdogo wangu, ulikuwa ukiacha alama za vidole vinne juu ya utando. Kila nikirudi kutoka mtoni nilikuwa nikizisawazisha kwa kijiko, nyanya asije akaziona."

Nilimwuliza kwa nini hakusema siku ile ya fimbo. Hakunijibu. Alikuwa amekwisha kuifungua siagi, anainusa, anaibonyeza kwa kidole. Akasema kwamba haikuoshwa ya kutosha, mtindi bado umo, haitafika Alhamisi. Akasimama, akachukua bakuli, akatia maji baridi, akaanza kuikanda upya.