Riba Inapandishwa Washington, Bili Inaletwa Maua

Wasee, leo vichekesho vingoje. Juzi jamaa mmoja hapa stendi ya Maua aliniambia, "Wewe uliacha chuo, mambo ya Benki Kuu waachie wasomi." Sawa buda. Lakini mkopo wangu wa kamera haukuniuliza kama nina digrii.

Niliuchukua 2022, riba yake ni ile inayobadilika. Mwanzoni mwa 2024 nikapata SMS: malipo ya mwezi yamepanda. Sababu? "Hali ya soko." Soko gani? La Maua? Hapa ni miraa tu.

Nikaanza kutafuta. Mwanzoni mwa Machi 2022 riba ya Benki Kuu ya Marekani ilikuwa karibu sufuri. Julai 2023 ilikuwa imefika kati ya asilimia 5.25 na 5.5, kwa sababu walikuwa wanapigana na mfumuko wa bei wao. Mwenye pesa akiona Marekani inalipa hivyo, Kenya anakaa kufanya nini? Anabeba dola zake anaenda. Shilingi ilikuwa kama 113 kwa dola mwanzoni mwa 2022. Januari 2024 ilipita 160. Benki Kuu yetu ikapandisha riba hadi asilimia 12.5 Desemba 2023, halafu 13 Februari. SMS yangu ilitoka huko.

Kuna profesa wa London anaitwa Hélène Rey. Mwaka 2013 alieleza kwamba hata nchi ikiacha sarafu yake ipande na kushuka yenyewe, bora milango iko wazi kwa pesa za nje, sera yake ya riba haiwezi kuwa huru kabisa. Huyu chuoni hakuna aliyenitajia.

Sasa watetezi wa serikali wasianze kupiga makofi: "Mnaona? Ni Washington, si sisi." Zii! Rey hakutuchukulia Eurobond ya dola bilioni 2 mwaka 2014. Ilikuwa ilipwe Juni 2024, soko lote lilijua, na hofu hiyo ikaitwanga shilingi zaidi. Februari 2024 tukakopa bilioni 1.5 nyingine, kwa riba ya zaidi ya asilimia 10, ndio tulipe ile ya kwanza. Miezi michache shilingi ikarudi karibu 130. Mvua ilitoka nje, lakini paa tulilitoboa wenyewe.

Na kuna kitu kinaniuma zaidi. Miraa yetu inapanda ndege kwenda Mogadishu, ambako watu wananunua kwa dola. Dola ikitoka 113 hadi 160, mzigo ule ule unaleta shilingi 47 zaidi kwa kila dola. Mzee wangu aliuza bunda kwa bei ile ile. Unga na mafuta ya taa alinunua kwa bei mpya. Hizo 47 alikula nani? Broka anasema si yeye. Mnunuzi wake pia anasema si yeye.

Riba ya Benki Kuu ilianza kushuka Agosti 2024, ikafika asilimia 10 Aprili 2025. SMS ya kupandisha ilikuja mbio. Ya kushusha niliingoja miezi na miezi.

Mimi nataka vitu viwili. Kamati ya Sera ya Fedha ikimaliza kikao, itueleze kwa Kiswahili kimefanyika nini na kwa nini. Na kila mkopeshaji aandike kwenye SMS: riba ya Benki Kuu ni hii, yangu nimeongeza hii. Kama wako ameshawahi kukuandikia hivyo, nitumie picha yake nione.