Pima waya kabla ya kununua seva

Ukurasa huu kwa kawaida huangalia bei za mazao, thamani ya shilingi na mwenendo wa bidhaa madukani. Wiki hii unaangalia gharama ambayo haimo katika jedwali lolote la bei, ingawa ofisi nyingi za mawakala wa forodha, wahasibu, wachapaji na wasambazaji wa bidhaa huilipa kila siku. Ni gharama ya kusubiri faili lifunguke.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua ofisi yenye wafanyakazi 12 wanaotumia mafaili yaliyohifadhiwa katika kompyuta moja ya pamoja. Kila mmoja akipoteza dakika 20 kwa siku akisubiri, ofisi imepoteza saa 4. Kwa mwezi wenye siku 22 za kazi ni saa 88, yaani siku 11 kamili za kazi za mtu mmoja. Mwenye ofisi anamlipa mtu karibu nusu mwezi ili atazame kioo cha kompyuta. Na kusubiri huko kukiangukia siku ya mwisho, wakati ritani ya VAT inatakiwa TRA tarehe 20, hasara haiishii kwenye mshahara. Kuna adhabu na riba.

Kwa hiyo si ajabu kwamba mwenye ofisi hutaka tatizo liishe haraka. Anamwita fundi, fundi anazunguka chumba kimoja baada ya kingine, kisha analeta ankara kifani ya seva mpya. Mara nyingi fundi huyo huyo ndiye muuzaji wa seva, na faida yake imo ndani ya bei. Fedha inatoka, seva inafungwa, na baada ya wiki mbili malalamiko ni yale yale. Hapo karani wa hesabu huambiwa kwamba yeye ndiye mvivu.

Maoni ya safu hii ni kwamba ofisi isinunue kifaa chochote cha kuongeza kasi kabla ya kupewa vipimo vilivyoandikwa. Sababu ni kwamba ucheleweshaji wa mafaili una vyanzo vingi, na vingi kati ya hivyo vina tiba ya bei ndogo kuliko seva.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Faili linapotoka kwenye seva iliyo chumba cha pili kuja mezani kwako, halipiti intaneti. Linapita kwenye waya au mawimbi ya ndani ya jengo lenu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na Tanzania pamoja na nchi jirani zikakosa intaneti ya kutosha, ofisi iliyokuwa na seva yake ndani bado iliweza kufungua mafaili yake kama siku zote. Kinyume chake pia ni kweli. Ofisi inayopandisha kifurushi cha intaneti ili mafaili ya ndani yafunguke upesi inalipa bili ya kila mwezi kwa kitu kisichohusika. Ni wale tu wanaohifadhi mafaili kwa kampuni ya nje, kupitia intaneti, ambao kifurushi kinawagusa. Wengine wakumbuke kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa tuje kwenye vipimo. Cha kwanza hakihitaji hata fundi. Kompyuta yoyote yenye Windows huonyesha kasi ambayo imekubaliana na swichi, na namba hiyo huwa gigabiti 1, megabiti 100 au megabiti 10 kwa sekunde. Tofauti yake si ndogo. Faili la gigabaiti 1 huchukua takriban sekunde 9 kwa kasi ya gigabiti 1. Kwa megabiti 100 huchukua takriban dakika moja na nusu. Kwa megabiti 10 ni kama robo saa. Ukiona megabiti 100 mahali ambapo ulilipia gigabiti 1, umeshapata pa kuanzia, na hujatumia hata senti.

Kwa nini kasi ishuke hivyo? Waya wa mtandao una nyaya ndogo 8 zilizosokotwa katika jozi 4. Kasi ya gigabiti 1 inahitaji jozi zote 4, lakini megabiti 100 hutosheka na jozi 2. Kwa hiyo panya akitafuna jozi moja, au fundi akibana plagi vibaya, mara nyingi mtandao haukatiki. Unashuka kimya kimya, taa zinaendelea kuwaka, na hakuna anayeshuku. Tiba ni plagi mpya au waya mpya wa mita chache.

Sababu nyingine ni swichi yenyewe. Kiwango cha megabiti 100 kilipitishwa mwaka 1995, na kile cha gigabiti 1 kwa waya wa shaba mwaka 1999. Hata hivyo swichi za megabiti 100 bado zinafanya kazi katika ofisi nyingi, kwa kuwa ni vifaa visivyokufa upesi. Anayenunua seva ya kisasa na kuichomeka katika swichi ya namna hiyo amenunua lori jipya na kulipitisha uchochoroni.

Kuna na kosa la mipangilio ambalo halionekani kwa macho. Upande mmoja wa waya ukilazimishwa kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, na upande wa pili ukaachwa ujichagulie wenyewe, huo wa pili huishia kutuma na kupokea kwa zamu. Pande hizo zitagongana mara kwa mara. Mawasiliano yatakuwepo, ila kwa kasi ya kusikitisha, hasa watu wengi wanapofanya kazi. Dawa yake ni dakika mbili za kurudisha pande zote mbili kwenye hali ya kujichagulia.

Kipimo cha pili ni kulinganisha waya na Wi-Fi. Beba kompyuta moja inayolalamikiwa, ichomeke kwa waya karibu na swichi, na unakili faili lile lile. Ikiwa sasa linakuja upesi, seva haina hatia. Katika Wi-Fi vifaa vyote vilivyo kwenye chaneli moja hupeana zamu ya kuzungumza, zikiwemo simu za wafanyakazi na za wageni mapokezini, na ukuta wa zege hupunguza nguvu ya mawimbi. Programu za uhasibu zinazotumiwa na watu kadhaa kwa pamoja zina uvumilivu mdogo kwa hali hiyo. Meza ya mhasibu inastahili waya.

Kipimo cha tatu ni kulinganisha faili moja kubwa na mafaili madogo mengi. Nakili faili moja la gigabaiti 1, andika muda. Kisha nakili mafaili madogo elfu kadhaa yenye jumla hiyo hiyo, andika muda tena. Kubwa likienda upesi na madogo yakisuasua, mtandao wenyewe si mwembamba. Tazama diski na programu ya kuzuia virusi. Diski ya zamani inayozunguka hufanya kazi vizuri ikisoma mfululizo, lakini ikitakiwa kuruka huku na huko huweza kuruka mara mia moja hivi tu kwa sekunde. Watu kumi wakiiomba vitu kumi tofauti, wote watangoja. Hapo diski ya SSD ndani ya seva ile ile yaweza kumaliza kilio bila kununua seva nzima.

Fundi anayejua kazi ataongeza kipimo cha nne. Kuna programu ya bure iitwayo iperf, ambayo hutuma data kati ya kompyuta mbili bila kugusa diski. Ikionyesha karibu gigabiti 1 na bado mafaili yanachelewa, waya umeshinda kesi na diski ndiyo ya kuhojiwa. Ikionyesha kasi ndogo, kesi inarudi kwenye waya na swichi. Kazi hiyo haizidi nusu saa.

Ofisi ndogo nyingi hutumia kompyuta ya kawaida kama seva, na hilo si kosa ikiwa mipaka yake inajulikana. Windows 10 na Windows 11 za kawaida huruhusu kompyuta 20 tu kuunganishwa kwa wakati mmoja katika mafaili ya pamoja. Ofisi iliyoanza na watu 8 ikakua hadi 25 itaona wengine wanakataliwa, na itasema mtandao una matatizo. Hapa ndipo seva halisi, au kabati la diski la mtandao, lina haki ya kununuliwa. Aidha Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo anayeitegemea kama ghala la mafaili ya ofisi ana sababu ya pili ya kupanga bajeti.

Wenye matawi mikoani wana tatizo la aina yake. Faili lililoko Dar es Salaam likifunguliwa Mwanza, kila ombi dogo lazima lisafiri kwenda na kurudi. Tuseme safari moja ni milisekunde 40, na kila faili linahitaji safari 10. Mafaili 1,000 yatachukua sekunde 400, karibu dakika 7, hata kama njia ni pana kiasi gani. Kupanua njia hakufupishi umbali. Afadhali mfanyakazi wa tawi aingie kwa mbali katika kompyuta iliyopo makao makuu na kufanyia kazi huko huko, au tawi liwe na nakala yake inayolinganishwa usiku.

Sasa tuseme kidogo juu ya soko la waya, kwa kuwa ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Sokoni zipo aina mbili zinazofanana kwa nje: waya wa shaba tupu, na waya wa alumini uliopakwa shaba. Huu wa pili ni mwepesi na bei yake ni ya chini, lakini viwango vya kimataifa vya nyaya za mtandao haviukubali. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba, na hukatika kwa urahisi ukiikunja. Mnunuzi akwangue ncha ya uzi mmoja kwa kisu: ikitokea rangi nyeupe ya fedha ndani, hiyo si shaba tupu. Na hata shaba safi ina kikomo cha mita 100 kutoka swichi hadi kifaa. Anayeunganisha ghala la nyuma ya uwanja kwa waya wa mita 140 asimlaumu mtu.

Ziko pia tiba za haraka ambazo ni hatari kuliko ugonjwa. Moja ni kuzima kabisa programu ya kuzuia virusi. Nyingine ni kurudisha toleo la kwanza la SMB, yaani lugha ya zamani ambayo Windows hutumia kugawana mafaili, ili kifaa cha miaka mingi kiendelee kutumika. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipita katika tundu la toleo hilo hilo, vikafunga mafaili ya ofisi na hospitali katika nchi nyingi na kudai malipo. Fundi anayeongeza kasi kwa kuacha mlango wazi ameongeza kasi ya mwizi.

Wapo watakaosema kwamba kupima ni kupoteza muda, kwamba vifaa vizee vibadilishwe vyote na mambo yaishe. Hoja hiyo ina uzito pale kila kitu kinapokuwa kimechakaa na mfuko unaruhusu. Lakini hata aliyebadilisha vyote atahitaji kujua kama alichopata ndicho alicholipia, na hilo halijulikani bila namba ya kabla na namba ya baada. Wengine watasema fundi mwaminifu hahitaji kuandikiwa masharti. Kwa maoni yetu fundi mwaminifu ndiye wa kwanza kufaidika, maana namba zitamtofautisha na yule anayeuza tu.

Ushauri wetu kwa wenye ofisi ni huu. Mkataba wa kurekebisha mtandao uwe na mistari minne: kasi ya kila kompyuta iliyokubaliwa na swichi, muda wa kunakili faili moja kubwa, muda wa kunakili mafaili madogo, na matokeo ya iperf. Vyote vichukuliwe kabla ya kazi na kurudiwa baada ya kazi, saa ile ile ya siku, watu wakiwa mezani. Upimaji ulipwe kivyake, hata kama ni kiasi kidogo, ili fundi asilazimike kuuza kifaa ndipo apate nauli. Malipo ya mwisho ya kazi yatolewe namba za pili zikishaonekana.

Mfanyabiashara hanunui gunia la mpunga bila kulipandisha kwenye mizani. Kasi ya mtandao nayo ina mizani yake, na haina gharama kubwa. Anayeletewa ankara kifani ya seva wiki hii aulize swali moja tu kabla ya kutia saini: vipimo viko wapi?